Bibi harusi wa Kyela, na ngoma ya ziwani je?

Tukiulizwa tulipenda kumtazama nani akitumbuiza, sisi wa visiwani humtaja Bi Kidude na ngoma yake ya msondo. Tuzo ya WOMEX ya 2005 ilimkuta bibi kizee, na bado akiimba. Lakini maharusi wa Kyela nao hututajia taarab yetu tu! Jamani, Ziwa Nyasa lina mganda, uliozaliwa kwa kuiga bendi za askari wa kikoloni, na wanawake wa mwambao wake wana kioda. Usiku wa hina, tukiwa wanawake watupu na stara ipo, muombeni bibi aicheze, nanyi mjifunze. Taarab tunayo kwenye simu. Bibi hatutakuwa naye daima.