Bata bukini apewe jembe

"Ile si kintu ya bankambo betu, ni ya bazungu." Maneno haya tunayasikia kila mara mtu akionekana na mabata bukini mu lupango yake. Wenye kuyasema ni watu waliosoma, tena wanayasema wakiwa wangali na bukari kinywani! Tuwaulize: mahindi yalitoka wapi? Yalitoka Amerika, sawa na muhogo. Hata bata wa kawaida wa vijiji vyetu, yule mwenye nyama nyekundu usoni, asili yake ni Amerika. Nani leo atatuambia bukari si chakula chetu? Desturi haihesabiwi kwa mahali kitu kilipotoka. Inahesabiwa kwa namna tunavyokitunza.

Ni kweli, bata bukini wa kufugwa alitoka Ulaya na Asia. Lakini wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kosa letu ni hapo. Mgeni huyu tumemnyima jembe. Tunamfungia mu kona ya lupango, tunamtupia mabaki ya bukari na mkate, halafu bawa la kifaranga likigeuka nje tunasema ni bulozi. Hapana, ndugu! Mara nyingi ni chakula cha kunenepesha tu, kinachomkuza haraka kuliko bawa lake linavyoweza kubeba. Na unga wenye ukungu, ule tunaotupa tukisema "ni ya banyama tu", unaweza kumwua kabisa.

Jembe lake ni mdomo wake. Bata bukini ni mla majani, karibu sawa na mbuzi. Huku Kinsevere, kilometa kama 30 kaskazini mwa Lubumbashi, watu wanafikiri udongo unazaa shaba tu. Lakini toka Novemba mpaka Aprili mvua inatupatia majani bure. Tumwache ayakate asubuhi na mangaribi. Kiangazi, majani yakikauka, apewe lengalenga, matembele na majani ya nje ya kabichi, pamoja na makapi ya mahindi kidogo. Mayi iwe safi, tena ya kina cha kutosha kichwa kizima kuingia, maana humo anasafisha macho na pua. Awe pia na mchanga wa kumsaidia kusaga chakula tumboni. Dume mmoja anatosha majike watatu mpaka watano. Jike akilalia mayai, aachwe kwa amani siku kama 30. Na vifaranga walindwe na baridi ya usiku, zaidi sana Juni na Julai.

Je, hayo ni mambo ya bazungu? Mwaka 2024, ukame ulipoharibu mahindi ya Zambia, kila mama wa Lubumbashi alijua bei ya unga. Kuku anayelishwa mahindi anashindana na mtoto ku mfuko mmoja. Bata bukini anayechungwa vizuri anamwachia mtoto sehemu yake kubwa. Na usiku mgeni mbaya akikaribia, kelele yake inaamsha lupango nzima.

Tena anaweza kuishi miaka 20. Mtoto anayemchunga leo atamwonyesha watoto wake bata yule yule, na kuwafundisha majani gani anapenda. Kama hiyo si desturi, basi mtuambie desturi ni nini.