Nunua maiki inayokubali kusogelewa

SAUTI NA MTAA
Na Zuhura Mwinyimkuu

Nianze na jibu, hoja zitafuata. Kama unataka kurekodi sauti ya mtu nyumbani, iwe mashairi, mawaidha, hadithi za watoto, kipindi cha mazungumzo au wimbo wako wa kwanza, na nyumba yako ni kama nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, nunua maiki ya dainamiki, ile ya kushika mkononi. Iweke umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni. Fedha itakayobaki ipeleke kwenye hedifoni na stendi. Ile kondensa nene ya bei poa, inayouzwa ndani ya boksi moja pamoja na mkono wake wa chuma, chujio na sponji, iache dukani.

Najua jibu hili litawaudhi baadhi yenu. Kondensa ile inapendeza machoni. Inafanana na maiki za studio kubwa tunazoziona kwenye video, na kijana akipigwa picha nayo ikiwa inaning'inia mbele ya uso wake, anaonekana msanii kabla hajaimba. Vifurushi hivi, vingi vikibeba jina la BM-800 ambalo halina mwenyewe mmoja, vinauzwa kila kona. Sina ugomvi na wanaoviuza, nao wanatafuta riziki. Kinachoniuma ni kinachotokea baadaye chumbani. Mtoto wa shule aliyedunduliza kwa miezi anarekodi shairi lake, anasikiliza, anakisikia chumba kizima na yeye mwenyewe yuko mbali kama aliye kisimani. Anaamua kwamba hana sauti. Sauti anayo, tena nzuri. Amekosa mtu wa kumwambia ukweli kabla hajalipa.

Ukweli wenyewe uko ndani ya vifaa. Maiki ya dainamiki ina utando mwembamba ulioshikana na koili ya waya, na koili hiyo imekaa kwenye sumaku. Ukizungumza, utando unatikisika, koili inacheza, umeme mdogo sana unazaliwa. Haihitaji betri wala umeme wa kulishwa. Kondensa ina utando mwepesi zaidi, uliokaribiana na bamba lenye chaji, na kwa kawaida hulishwa umeme wa volti 48 kupitia waya uleule unaobeba sauti. Mafundi huuita umeme wa fantomu. Wepesi wa utando ndio sifa yake: inadaka pumzi, mate, ncha za s na sh. Katika chumba kilichotulia, hiyo ni neema. Katika chumba cha kupanga chenye ukuta wa tofali za saruji, sakafu ya vigae na dirisha lililo wazi kuelekea uchochoroni, kondensa ni jirani asiyepitwa na neno. Itakuletea bodaboda, jogoo, redio ya fundi cherehani, na pangaboi lako mwenyewe.

Hapo mafundi wa sauti watanyoosha mkono. Watasema ukiziweka dainamiki na kondensa umbali uleule, na zote mbili zikiwa zinasikiliza mbele tu, zitabeba kelele za chumba kwa kiwango kinachokaribiana. Wana haki, na ndiyo maana kichwa cha makala hii kinataja kusogelewa. Dawa ya kelele ni umbali. Ukipunguza umbali kwa nusu, msukumo wa sauti yako unaofika kwenye maiki unaongezeka maradufu, yaani desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba unabaki kama ulivyokuwa. Toka sentimita 40 hadi sentimita 10, umejipatia desibeli 12 bila kutoa shilingi. Sasa, dainamiki ya mkononi imetengenezwa kwa ajili ya kuwekwa karibu na midomo. Ina wavu mzito na sponji ndani, inavumilia pumzi na kelele za mwimbaji wa jukwaani. Ile kondensa ya boksi ukiisogelea hivyo, kila p na b inapasuka kama puto, na ukipaza sauti kidogo inakwaruza. Kwa hiyo mtu anarudi nyuma, anakaa nusu mita, na hapo chumba kinashinda.

Watu wengine hudharau dainamiki kwa kusema ni maiki za majukwaani na misibani. Sehemu kubwa ya sauti ya Michael Jackson katika albamu ya Thriller ya mwaka 1982 ilirekodiwa na fundi Bruce Swedien kwa maiki ya dainamiki, Shure SM7. Wale walikuwa na uwezo wa kutumia maiki yoyote duniani. Lakini usikimbilie mtoto wake wa leo, SM7B, kwa sababu umeiona mbele ya kila mtangazaji wa YouTube. Bei yake ni kama dola 400 za Marekani, na sauti inayotoa ni ndogo mno. Ukiichomeka kwenye saundikadi ya bei rahisi, kile kisanduku kinachoingia kati ya maiki na kompyuta, utalazimika kufungua kitasa cha sauti hadi mwisho, na pamoja na sauti yako utapandisha mvumo wa mashine. Hiyo si maiki ya kuanzia.

Ya kuanzia ni ipi, basi? Inayojulikana kuliko zote ni Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966 na ambayo haijabadilika sana tangu siku hizo. Marekani inauzwa takriban dola 100. Ukiipata halisi, itakuzika. Shida ni hiyo halisi. SM58 ni miongoni mwa maiki zinazoghushiwa zaidi ulimwenguni, na za bandia zina boksi, stika na mfuko unaofanana kabisa na wa kweli. Ishike mkononi: halisi ina uzito wa karibu gramu 298, nyingi za bandia ni nyepesi. Toleo la kawaida halina swichi ya kuwasha na kuzima. Lenye swichi lipo, lakini lina jina lake, SM58S. Na bei ikiwa robo ya bei ya kawaida, usijidanganye kwamba umepata bahati.

Mimi kwa mtu mwenye kipato kidogo nasema hivi bila kusita: Behringer XM8500 ya kweli inaishinda SM58 ya bandia. Huko nje inauzwa kwa dola 25 hivi. Ni dainamiki, inasikiliza mbele na kupuuza nyuma, na kwa mtu anayezungumza kwa Kiswahili chumbani kwake, msikilizaji hatajua kwamba umetumia robo ya fedha. Ongeza usafiri na ushuru, bado unabaki na kitu mfukoni.

Maiki hizo mbili zina tundu la XLR, kwa hiyo zinahitaji saundikadi. Hapa ndipo bajeti nyingi huvunjika, maana mtu ananunua maiki halafu anagundua hana pa kuichomeka. Anatafuta waya wa kubadilisha, anaingiza kwenye tundu dogo la kompyuta, anapata mvumo na sauti hafifu. Kama huna saundikadi na huna mpango wa kuinunua mwaka huu, chukua dainamiki yenye USB. Samson Q2U ndiyo ninayoipendekeza: ina USB ya kuingia moja kwa moja kwenye kompyuta, ina XLR kwa siku utakayopata saundikadi, na ina tundu la hedifoni chini yake ili ujisikie unaporekodi. Kununua kifaa kimoja kitakachokufaa sasa na baadaye, kwetu sisi tunaonunua kwa kudunduliza, ni jambo zito.

Na mwenye simu tu? Simu yako ina maiki nzuri kuliko unavyodhani, mradi usiiache mezani mbali na msemaji. Ukiweza, tafuta kimaiki cha kubana kwenye kola, mfano wa Boya BY-M1, chenye waya mrefu wa mita 6. Hicho ni kondensa, na kinasikia pande zote, lakini kinakaa kifuani, kwa hiyo kanuni ya umbali imezingatiwa. Kwa kumrekodi bibi au babu hakuna kinachokifikia. Mzee akiwekewa maiki mdomoni anakakamaa, anaanza kuhutubia. Akibanwa kitu kidogo kwenye kanga, baada ya dakika chache amekisahau, na hapo hadithi inatoka kama inavyotoka jikoni.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu najua tulikotoka. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alilazimika kuvuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay ili kampuni ya His Master's Voice imrekodi akiimba kwa Kiswahili. Hapa kwetu hapakuwa na pa kurekodia. Leo kifaa kinakuja chenyewe mpaka mlangoni, na bado tunazika watu waliojua tenzi nzima kwa moyo bila kubaki na hata dakika kumi za sauti zao zinazosikika vizuri. Tunabaki na vipande vya WhatsApp vyenye upepo na honi.

Turudi chumbani, maana maiki bila chumba ni nusu ya kazi. Trei za mayai ukutani hazisaidii kitu cha maana. Karatasi ile ni nyepesi mno. Inagusa sauti za juu kidogo, mwangwi wenyewe inauacha ulipo. Godoro linasaidia. Blanketi zito linasaidia. Kabati lililo wazi lenye nguo nyingi linasaidia sana, na vitenge na kanga zilizokunjwa tabaka kwa tabaka juu ya kamba ni bora kuliko sponji nyembamba za rangi zinazouzwa kwa bei ya kuumiza. Tena kuna kosa ambalo karibu kila mtu analifanya: anatundika blanketi nyuma ya maiki. Maiki inakutazama wewe, kwa hiyo inausikia ukuta ulio nyuma yako. Hapo ndipo godoro linatakiwa. Mgongo wa maiki uelekeze dirishani, upande huo ndio kiziwi.

Usizungumze moja kwa moja ndani ya maiki kama unaipuliza. Iweke pembeni kidogo ya mdomo, ikikuelekea, pumzi ya p ipite kando. Ukikaribia sana sauti nzito inaongezeka. Wanaume wenye besi warudi nyuma kidogo. Zima pangaboi, chomoa friji, subiri usiku utulie. Mvua ikianza kwenye bati, pika chai, hakuna maiki itakayokuokoa. Kwenye kompyuta, Audacity ni programu ya bure na inatosha kabisa. Acha kilele cha sauti kikae karibu na desibeli 12 chini ya ukomo, usiogope mstari kuonekana mdogo, utaupandisha baadaye. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairekebishiki. Hifadhi faili la WAV hata kama utatuma MP3.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio lote, zile zisizovujisha. Bila hizo unarekodi gizani: huwezi kusikia mvumo wa waya mbovu wala mwangwi wa ukuta mpaka kazi imekwisha na msemaji ameondoka. Kama itabidi uchague kati ya maiki ya ghali bila hedifoni na maiki ya bei nafuu pamoja na hedifoni, hilo la pili ndilo chaguo, sina mashaka nalo hata kidogo.

Kondensa ina siku yake. Ukipata chumba tulivu, chenye zulia na mapazia mazito, na saundikadi inayotoa volti 48 za kweli, Audio-Technica AT2020 ya dola 100 hivi itakufurahisha, hasa kwa gitaa, kinubi au sauti laini ya mwimbaji. Fika hapo kwanza.

Nina ombi kwa wenye maduka ya Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi na kwingineko. Wekeni maiki mbili mezani zikiwa zimechomekwa, na hedifoni moja, mteja azungumze na ajisikie. Nawe mnunuzi, kabla hujalipa, omba kufanya hivyo. Sema sentensi mbili ukiwa karibu, sema tena ukiwa nusu mita, sikiliza tofauti. Muuzaji akikataa, ondoka, nenda duka la pili.