SIKU 84 ZA MKUNGA

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona gazeti la visiwani linashughulika na mambo ya Muheza. Usishangae. Kutoka Pemba hadi Tanga si mbali, na ni nyumba chache za Wete au Mkoani zisizokuwa na ndugu upande ule. Wengi wetu tukivuka huko twayajua machungwa ya Muheza, twayanunua kwa kikapu na kurudi nayo. Lakini ni wangapi wetu waijuao sheria inayomtawala mkunga wa Muheza, yule anayewapokea watoto wa jamaa zetu usiku wa manane? Leo twataka kuisema sheria hiyo, kwani ina jambo ndani yake ambalo hatukuliona likisemwa waziwazi.

Tuanze na kliniki ya asubuhi. Mkunga amesimama mbele ya wanawake waliopakata watoto wao, anawafundisha. Awaambia kwamba miezi sita ya kwanza mtoto asipewe kitu chochote ila maziwa ya mama. Uji asipewe, hata maji asipewe. Maneno hayo si yake peke yake. Ndiyo mashauri ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo ayasemayo Serikali kwa kinywa chake yeye. Wanawake wanamsikiliza na kumwamini. Lakini mmoja wao akimuuliza, "Na wako, nesi, umemwacha na nani?" atajibu nini? Wake yuko nyumbani na yaya. Ana miezi mitatu na siku kidogo, na saa ile ile mama yake anapotoa mafundisho, yeye ananyweshwa uji mwepesi kwa kijiko.

Wazee walisema mganga hajigangi. Hao walimsema mganga asiyeweza. Huyu wetu aweza, na ajua. Ila amekatazwa na hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ndiyo sheria ya Bara, yampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijaaliwa pacha. Miezi sita ni siku 180 na zaidi. Basi Serikali inayomwamuru akawafundishe wenziwe siku 180 yampa yeye pungufu ya nusu. Hata kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, katika Mapatano yake nambari 183 ya mwaka 2000, si kikubwa, ni wiki 14 tu, yaani siku 98. Siku 84 hazikifikii hata hicho.

Watatokea watetezi waseme kwamba sheria hiyo hiyo yampa mama saa mbili kila siku, katika saa za kazi, za kumnyonyesha mwanawe. Ni kweli, imeandikwa. Lakini aliyeiandika, twadhani, alikuwa akimfikiria karani mwenye meza na dirisha. Mkunga anayekaa Mkanyageni na kufanya kazi mjini Muheza atazitumiaje saa mbili hizo? Apande pikipiki, aende, anyonyeshe, arudi. Na huku nyuma mwanamke aliye katika uchungu amwambie angoje? Uchungu haungoji. Mkunga huyo hataondoka, wala hapana haja ya mkubwa wake kumzuia. Dhamiri yake yatosha kumfunga. Kwa hiyo saa mbili zake hubaki katika karatasi, na maziwa humtoka yakailowesha sare yake.

Sasa tuje kwenye usiku, maana hapa ndipo penye ajabu yenyewe. Sheria yasema kazi ya usiku ni ile inayofanywa baina ya saa mbili za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi. Na yakataza, katika kifungu chake cha 20, mama kufanya kazi ya usiku kwa miezi miwili baada ya kujifungua. Mtu akisikia hivyo atasema: loo, wamemhurumia! Na ahesabu basi. Mama akianza likizo yake siku ya kujifungua, atakuwa nyumbani siku 84. Katazo la usiku lakwisha kama siku ya 60. Maana yake ni kwamba sheria yamkinga na kazi ya usiku katika siku ambazo yumo chumbani mwake amelala na mwanawe, na siku anayorejea kazini kinga imekwisha kitambo. Ama akiianza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, kama sheria inavyomruhusu, atabaki na siku 56 baada ya uzazi, na hapo katazo litamfaa siku nne au tano. Siku nne! Baada ya hapo hana njia ila alete cheti cha daktari kwamba yeye au mtoto hali yake hairuhusu. Mtoto mzima wa afya, anayetaka kunyonya usiku kama watoto wote, hana cheti.

Na usiku wa wodi za Muheza si usiku wa kusinzia kitini. Hospitali Teule ya Muheza, hospitali ya Kianglikana iliyo karibu na misheni kongwe ya Magila, ilikuwa moja katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2011. Watoto zaidi ya 3,000 walioletwa mahututi kwa homa walichunguzwa, ikabainika kwamba kuwamiminia maji mengi ya dripu kwa haraka, dawa iliyoaminiwa ulimwenguni kote, kuliwaua wengi kuliko kutowamiminia. Madaktari wa Ulaya na Marekani walilazimika kuzifikiri upya kanuni zao. Majina yanayokumbukwa ni ya mabingwa, na wana haki yao. Lakini uchunguzi kama ule hauendi bila ya mtu wa kukaa kando ya kitanda, kuhesabu pumzi, kupima joto na kuandika, saa baada ya saa. Hatuilaumu hospitali ile, wala nyingine yoyote. Sheria hazitungwi wodini. Twauliza tu: anayekesha akihesabu pumzi za mtoto wa mwenziwe, wake nani amhesabie?

Jibu twalijua. Ni bibi, kama bibi yupo karibu, na mara nyingi hayupo kwa kuwa watumishi hupelekwa kazini mbali na kwao. Ama ni msichana aliyetolewa kijijini, ambaye naye ni mtoto wa mtu na pengine angestahili kuwa shuleni. Baba, kwa sheria hiyo, ana siku tatu.

Tutaambiwa kwamba wauguzi ni wachache, na wakiongezewa likizo wodi zitabaki tupu. Hoja hii tungeiheshimu lau nchi isingekuwa na vijana waliohitimu vyuo vya uuguzi wakakaa majumbani wakingoja ajira. Uchache wa namna hiyo haukuletwa na uzazi. Tena mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili mama wa mtoto njiti aongezewe siku, nasi twalisifu jambo hilo bila ya kinyongo. Kumbe yafunguka ikitakiwa!

Na wenzetu wa ng'ambo ya Horohoro, kwa Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017, waliwataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi. Hatusemi kila mwajiri wa Kenya ametii. Twasema limeandikwa, na mama ana pa kushika anapodai.

Kwa wakunga na wauguzi wa Bara twataka chumba kando ya wodi, chenye yaya anayelipwa, mtoto alale hatua chache tu kutoka kwa mama yake. Na twataka katazo la usiku lihesabiwe tangu siku mama anaporudi kazini, si tangu siku ya kujifungua. Hili la pili halimgharimu mtu jengo wala gari. Ni kubadili maneno machache katika kifungu cha 20. Wabunge wa Mkoa wa Tanga, ambao wengi wao bila shaka walipokewa duniani na mikono ya wakunga, watalipeleka Bungeni lini?