Usifute Alama ya Kutoa

Iwe hapa Kitale au kwa wenzetu wa Bungoma, hakuna tangi lenye maji ya kina cha sentimita 20 chini ya sifuri. Hata mtoto wa nasari anajua hivyo. Lakini kompyuta yaweza kutoa jibu hilo bila haya! Maoni yangu ni kwamba jibu kama hilo lisipakwe rangi. Hatua ikataliwe, turudi nyuma.

Chukua tangi lenye maji ya kina cha sentimita 100, mfereji wake wa chini u wazi. Tuseme kasi ya kupungua, kwa sentimita kila dakika, ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha kina. Mwanzoni basi ni sentimita 20 kwa dakika. Njia ya Euler, ya karne ya 18, huchukua kasi ya sasa na kuizidisha kwa muda. Ukiruka dakika 6 kwa mkupuo, unapata 100 toa 120, yaani hasi 20. Ukitafuta kipeuo cha hasi hiyo, kikokotoo kinagoma.

Wengine husema, "Si uandike sifuri tu, uendelee?" Hapana jamani! Kwa kweli, baada ya dakika 6 bado kuna sentimita 16 za maji.

Programu nzuri hurudi palipokuwa sawa na kukata hatua nusu. Kwa dakika 3 tunapata 40. Jibu hili linawezekana, lakini la kweli ni 49. Tukienda dakika moja na nusu mara mbili, tunapata karibu 45. Makadirio yakiachana mno, hatua hukatwa tena, yakipatana, hurefushwa. Mwaka 1969 Erwin Fehlberg wa NASA alichapisha njia mashuhuri ya kulinganisha makadirio mawili katika kila hatua.

Kwani tusitumie hatua fupi tangu mwanzo? Tutakesha bure. Dereva wa matatu ya Kitale hadi Bungoma hatambai kwenye lami eti mbele kuna matope.

Darasani nako, mwanafunzi akipata urefu hasi, mara nyingi hufuta ile alama ya kutoa kimyakimya ili jibu lipendeze. Walimu wetu, anayerudi kwenye mstari wa mwisho ulio sahihi apewe muda, nasi wenzake tusimcheke. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka. Aliyefuta alama hajui hata alipojikwaa.