Afya ya Akina Mama: Kwa Nini Wengine Huacha Michezo

Siku ya michezo ya chama cha akina mama ikifika, huonekana jambo ambalo waume wengi hawalitambui. Mpira wa pete unapoanza, mama mmoja au wawili, ambao shuleni walikuwa hodari wa kuruka kuwapita wenzao wote, huketi pembeni na kuwashikia wengine watoto. Wakiulizwa, husema kwamba magoti yanawauma, au kwamba wamekwisha kuwa wazee; na pengine umri wao haujafika miaka 35. Kwa wengine ukweli ni huu: tangu walipojifungua, wakiruka, wakikimbia, wakikohoa au wakicheka sana, mkojo huwatoka kidogo bila ya kupenda, nao huona haya kumwambia mtu yeyote.

Jambo hili si laana wala si uchafu. Chini ya tumbo, kati ya mfupa wa kinena mbele na kifandugu nyuma, kuna misuli iliyotandazwa kama kamba za kitanda. Juu yake hukaa kibofu cha mkojo, mji wa mimba na mwisho wa utumbo, na njia zao zote tatu hupita katikati yake. Mtu akiruka na kutua, uzito wa tumbo huishukia misuli hiyo kwa kishindo. Ikiwa imara, huibana njia ya mkojo kwa wakati wake, ikilegea, huchelewa. Mimba na uzazi huinyoosha sana, hasa ikiwa mtoto ni mkubwa. Kikohozi cha siku nyingi, choo kigumu, unene na mizigo mizito huizidishia taabu. Na ni nani asiyejua uzito wa kuni na maji ambayo mama wa shamba huchukua mgongoni?

Wala isidhaniwe kwamba taabu hii ni ya waliozaa tu. Mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitoa habari za wasichana 35, mabingwa wa kurukaruka juu ya trampolini. Hapana hata mmoja aliyekuwa amezaa, hata hivyo 28 kati yao walisema kwamba mkojo huwatoka katika mazoezi yao. Basi nguvu za miguu si ushahidi kwamba misuli ya chini nayo inaiweza kazi inayopewa.

Lakini kamba za kitanda zikilegea, mwenyewe huzikaza, hakitupi kitanda. Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kwamba misuli hii yaweza kufunzwa kama misuli mingine. Mwaka 1999 Kari Bø wa Norway na wenzake waliyalinganisha mazoezi yake na matibabu ya umeme, na tena na vizito vidogo viwekwavyo ndani ya uke. Mazoezi ndiyo yaliyofaa zaidi. Nayo hayana gharama.

Mama na aketi au alale, kisha abane kana kwamba anazuia hewa na mkojo kwa pamoja, akiivuta misuli ndani na juu. Asizuie pumzi, wala asikaze matako na mapaja, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Ashike kwa muda anaoweza, hata akafikia sekunde 10, halafu aachilie kabisa na kupumzika. Afanye hivyo mara 8 hadi 10, na zamu 3 kila siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Anayeacha baada ya majuma mawili akisema hakuona faida hajajaribu. Tena ajizoeze kubana kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua debe. Asifanye desturi ya kukatiza mkojo katikati ya haja, na asijinyime maji ya kunywa akitumaini kukaa mkavu, kwa kuwa mkojo mzito huweza kukisumbua kibofu.

Kurudi uwanjani kuwe kwa hatua. Kwa kawaida mbio na kuruka hungoja hata mtoto apate miezi 3 au zaidi. Kabla ya hapo kutembea kunafaa. Kila Mkenya anamjua Faith Kipyegon, aliyejifungua binti mwaka 2018, kisha akashinda mbio za mita 1500 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 na ya Paris mwaka 2024. Ni kweli kwamba yeye ni bingwa mwenye walimu wa kumwongoza, na mama wa kijijini hana. Lakini uzazi haukumtoa mbioni.

Yako mambo yasiyongoja mazoezi. Mama akihisi uzito kana kwamba kitu kinashuka ukeni, au akiona kimechomoza, aende hospitali. Wengine husaidiwa kwa pete maalumu, wengine kwa kupasuliwa. Mkojo ukitiririka mchana na usiku baada ya uzazi mgumu, huenda hiyo ni fistula, yaani tundu lililotoboka ndani, na dawa yake kwa kawaida ni kupasuliwa na daktari aliyejifunza kazi hiyo. Mkojo wenye damu au maumivu pia uonyeshwe. Na ikiwa kubana kwenyewe kunaleta maumivu, mama aache kwanza na kumwuliza mganga wa hospitali, kwa kuwa misuli ya wengine haikulegea, bali imekakamaa.

Mume anayesoma habari hii asiipitie upesi akidhani haimhusu. Kwanza, yeye naye anayo misuli hiyo, na wanaume waliopasuliwa tezi ya kibofu hufundishwa mazoezi haya haya. Pili, mkewe hataweza kulitaja jambo hili katika nyumba ambamo litachekwa. Ampe nauli ya kwenda hospitali pasipo kumhoji sana, na katika miezi ile ya kwanza baada ya uzazi, debe la maji alichukue yeye.