Namba 21 ya Clemente iwekwe kabatini

Napoli waliifungia kabatini jezi namba 10 ya Maradona, na shabiki wa soka haulizi kwa nini. Kwa wenzetu wa besiboli Marekani kuna ubishi wa namna hiyo, na mimi nina upande. Namba 21 ya Roberto Clemente istaafishwe ligi nzima, siyo pale Pittsburgh Pirates peke yake.

Uwanjani alikuwa mwamba. Misimu 18, klabu moja, ubingwa mara mbili, 1960 na 1971. Septemba 30, 1972 alishika gongo lake (la kupigia, siyo lile la kunywa) akafikisha mapigo 3,000. Kabla yake walioifikia idadi hiyo walikuwa 10 tu. Likawa pigo lake la mwisho kwenye ligi.

Na hawakumpokea kwa maua. Mweusi kutoka Puerto Rico, Kiingereza kinachechemea, waandishi wakawa wanaandika matamshi yake vilevile yalivyo ili watu wacheke. Hata jina wakambadilishia, eti Bob. Jamaa akagoma. Alipokuwa mchezaji bora wa fainali za 1971, mbele ya kamera alianza kwa Kihispania, akiomba radhi za wazazi wake. Wamarekani wakasubiri.

Desemba 23, 1972 tetemeko likaibomoa Managua, Nicaragua. Maelfu walikufa. Clemente alikuwa ametoka huko wiki chache tu nyuma na timu ya besiboli ya Puerto Rico, akaanza kukusanya misaada. Ndege za mwanzo zikaenda, habari zikarudi kwamba askari wa Somoza wanajigawia. Staa gani angefanya zaidi ya kulalamika redioni? Yeye akaamua kwenda mwenyewe kusimamia. Ligi imefungwa, mkesha wa Mwaka Mpya, mke na watoto watatu wako nyumbani. Ndege yenyewe kuukuu, imezidishiwa mzigo. Ikaanguka baharini dakika chache baada ya kuruka.

Alikuwa na miaka 38. Mwili haukupatikana. Manny Sanguillén, mshikaji wake pale Pirates, hakwenda kwenye ibada ya kumuaga. Alikwenda baharini na wapiga mbizi kumtafuta.

Sasa niambie, hiyo ni jezi ya kumpa mtu yeyote aliyesajiliwa jana?

Wanaopinga wanasema heshima ya ligi nzima ni ya Jackie Robinson na namba 42 yake, mtu aliyevunja ukuta wa ubaguzi, na haifai kugawanywa. Hoja ina uzito. Lakini kabati ni kubwa, jezi mbili hazibanani. Wachezaji wengi wa Puerto Rico wala hawajasubiri wakubwa waamue. Wakiambiwa wachague namba, 21 wanairuka.