MITAMBO YA SERIKALI NAYO IFANYE MTIHANI!

Wakubwa wanatuambia foleni zimekwisha. Kila kitu mtandaoni! Ukitaka kazi ya umma huna haja ya kubeba bahasha ya kaki. Pakia vyeti vyako, kaa nyumbani usubiri kuitwa. Danganya toto!

Foleni haijaisha, imehamishwa tu. Mwandishi huyu aliiona kwa macho yake hapa Majengo, Dodoma, kwenye kibanda cha stationari karibu na soko. Ulikuwa usiku wa mwisho wa kupokea maombi ya ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Vijana tisa wamebanana kwenye benchi, vyeti vimegongwa muhuri wa wakili kwa pesa ya kukopa. Kwenye kioo kinazunguka kile kiduara. Kikazunguka mpaka saa sita. Dakika moja baadaye mlango umefungwa. Mwenye kibanda akadai pesa yake ya kuskani, na ni haki yake, yeye kazi kafanya.

Kesho yake tukaambiwa: mngeomba mapema. Upuuzi mtupu! Tangazo limesema mwisho saa sita usiku. Aliyekaa kwenye kompyuta saa nne amechelewa nini?

Juni 2014 Uhamiaji waliita vijana zaidi ya 10,000 pale Uwanja wa Taifa kwa nafasi 70. Ilikuwa aibu, lakini uwanja ule angalau unajulikana una viti 60,000. Seva za serikali zina viti vingapi? Mwaka 2025 TRA walipotangaza nafasi 1,596, walioomba walikuwa 135,027. Sisemi mtambo wao ulikwama. Nasema hayo ndiyo mafuriko tunayoyazungumzia, na kila muombaji ana mafaili yake.

Kupima si uchawi. Fundi anatega programu inayojifanya watu 20,000 wanaopakia vyeti kwa wakati mmoja. Anaangalia seva inachukua sekunde ngapi kupokea kila faili, kulikagua kama lina virusi, kulifungua na kulihifadhi. Anaongeza mzigo mpaka mtambo upige magoti, ndipo anajua kikomo chake. Programu ya kazi hiyo, JMeter, inatolewa bure tangu 1998. Bure! Wasituletee wimbo wa bajeti.

Usanii uko kwenye namna ya kupima. Mkandarasi mjanja anampelekea mkubwa mtambo Jumanne saa nne asubuhi, anapakia barua ya ukurasa mmoja, faili jepesi kama unyoya. Mkubwa anapiga makofi, anasaini. Sisi tunaleta cheti kilichopigwa picha kwa simu, megabaiti nane, usiku, wote kwa pamoja!

Halafu tunapewa wastani: sekunde tatu. Changa la macho! Watu 99 wakipokelewa kwa sekunde moja moja, na mmoja akangojeshwa sekunde 200 kisha akatupwa nje, wastani bado ni sekunde tatu. Huyo mmoja ndiye wa Majengo.

Wala msidhani ni ushamba wetu peke yetu. Oktoba 1, 2013 Marekani walifungua tovuti yao ya bima ya afya, na siku ile ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa watu sita. Sita! Lakini kule Bunge liliwaita wakandarasi na vigogo wakahojiwa hadharani mwezi ule ule.

Bunge letu liko hapa hapa Dodoma. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa meno na sheria ya 2019, nayo iko hapa hapa. Tunauliza: kulikoni? Kabla ya tangazo lolote la ajira, wabandike hadharani mtambo umepimwa kwa mafaili mangapi kwa dakika, ya uzito gani, na yule wa mwisho kabisa alingoja muda gani. Ukikwama saa mbili, muda wa maombi uongezwe saa mbili.

Wale vijana tisa bado wanapita pale kibandani. Vyeti vyao vipo kwenye flashi, mihuri ya wakili haijalipiwa yote.